Maswali ya Wasomaji: Seva ya Kwanza Tuiweke Wapi?

Barua za mara hii karibu zote zinaongea kitu kimoja. Shule, SACCO na kliniki zimepata hela kidogo, zinataka seva ya kuingia kwenye raki, lile kabati la chuma la kupangia mashine, na wengi wameanzia dukani kabla ya kuangalia chumba. Nimechagua tano, nimezifupisha, majina nimeyaficha.

*Habari ya kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja hapa Mbale. Lab yetu ina kompyuta 32, intaneti ni ya bando na inaisha kabla wiki haijaisha. Wazazi wamekubali tununue seva tuweke maktaba ya kusoma bila intaneti, alama za wanafunzi na mafaili ya walimu. Kijana mmoja Kampala ametupa bei ya seva mbili za mtumba, moja nyembamba ya 1U, nyingine ya 2U na iko juu kidogo kwa bei. Anasema zote ni moto sana. Hatujawahi kuwa na seva, tuchukue gani?*

Mwalimu, chukua ya 2U. Hiyo U ni kimo tu cha mashine, 1U ni milimita 44.45, 2U ni mara mbili yake, upana ni ule ule wa inchi 19 ambao ni kama sentimita 48. Sasa kwenye kimo cha 1U feni inayoweza kuingia ni ndogo sana, na feni ndogo ili itoe hewa ya kutosha lazima izunguke kwa kasi kali, ndio maana hizo mashine zinalia kama kinu cha posho kinachosikika kutoka ng'ambo ya barabara. 2U ina feni kubwa zaidi, inalia kidogo, ina nafasi za diski nyingi, na siku mkitaka kuongeza kadi ya netiweki pa kuichomeka papo. 1U iliundwa kwa watu wanaolipia nafasi kwenye raki iliyojaa, nyinyi mtakuwa na mashine moja kwenye kabati zima, kwa hiyo mnabana nafasi ya nini?

Alafu usikubali neno "moto sana" bila namba. Muulize ni modeli gani na prosesa gani. Soko la mtumba lina Dell PowerEdge R720 na R730 nyingi, pia HP ProLiant DL380 Gen8 na Gen9. R720 na Gen8 ni za kuanzia 2012, zinatumia ramu ya DDR3. R730 na Gen9 zilitoka 2014, ramu ni DDR4, na prosesa zake za Xeon E5-2600 zina alama ya v3 au v4 mwishoni. Kama tofauti ya bei mnaiweza, chukueni hizi za pili, manake zinafanya kazi zaidi kwa umeme ule ule. Na msidanganywe na prosesa mbili. Kazi mliyoitaja, prosesa moja na ramu ya 32GB inatosha na kubaki, hata mnaweza kuitoa ile ya pili ili bili ipungue, ila mjue ukiitoa nusu ya nafasi za ramu na baadhi ya nafasi za kadi zinalala, kwa hiyo ramu zote zihamishiwe upande wa prosesa iliyobaki.

Kabla hela haijatoka mkononi, mwambie aiwashe mbele yako. Angalia pawasaplai zote mbili zina taa nzuri, ingia kwenye iDRAC kama ni Dell au iLO kama ni HP, hiyo ni sehemu ya ndani ya kuisimamia seva hata kutoka mbali, usome kumbukumbu za makosa, na pasiwedi ya kiwandani muibadilishe siku hiyo hiyo, manake ile ya Dell dunia nzima inaijua. Angalia trei za diski, wengine wanakupa zile plastiki za kuziba tundu tu, kufika shule mnakuta diski haina pa kukalia. Na dai reli! Reli za kuingiza seva kwenye raki zinatengenezwa kwa modeli yake, ya R730 haikai kwenye HP, wauzaji wanazitoa wanaziuza peke yake, na kuzitafuta baadaye ni safari nyingine ya Kampala. Diski za mtumba mimi sinunui, nasema wazi, seva inaweza kuwa ya mkono wa pili lakini diski ziwe mpya, manake alama za watoto haziko kwenye prosesa, ziko kwenye diski.

Diski nne za 2TB zinawatosha. Ukizipanga kwa RAID, yaani diski kadhaa zinafanya kazi kama moja na kulindana, kwa RAID 5 unapata 6TB na moja ikifa kazi inaendelea, kwa RAID 6 unapata 4TB na hata mbili zikifa bado mko hai. Ningeenda na RAID 6, kwa sababu kutoka Mbale mpaka diski nyingine ipatikane na ifike zinaweza kupita siku kadhaa, na hizo siku ndizo za hatari. Lakini tafadhali mwalimu, RAID sio bekapu, sio nakala ya akiba. Mtu akifuta faili limefutika kwenye diski zote, mwizi akibeba seva amebeba RAID yote. Nunueni diski mbili za nje, moja inakaa shuleni, nyingine inalala kwa mwalimu mkuu nyumbani, zibadilishane kila Ijumaa.

Na niwe mkweli kwako, maktaba peke yake haihitaji seva. Programu za Kiwix yenye Wikipedia na Kolibri yenye masomo zinaweza kutembea kwenye kompyuta ya kawaida na wanafunzi 32 wakasoma. Kinachofanya seva istahili hizo hela ni alama na mafaili ya walimu, kwa sababu inakupa ramu inayosahihisha makosa yake yenyewe, pawasaplai ya akiba, na diski unayoibadilisha bila kuzima. Kama kamati itaona hizo hazina haraka, anzeni na kompyuta moja nzuri, UPS (ile ya betri inayoshika umeme ukikatika) na hizo diski mbili za bekapu, hakuna aibu yoyote.

Sasa pahali. Usiiweke ndani ya lab, kelele na vumbi la viatu vya watoto vitaiua, na wewe mwenyewe hutaweza kufundisha. Tafuta chumba kidogo chenye ufunguo, chenye dari, kisichopigwa na jua la mchana. Nasema dari kwa sababu niliwahi kuitwa shule moja ambayo seva ilikaa stoo, juu ni mabati matupu, na tundu la msumari mmoja tu lilikuwa linadondosha maji juu ya kabati usiku kucha. Alama za muhula mzima zilikwenda. Walimu waliandika upya kutoka kwenye karatasi karibu wiki mbili, na wengine karatasi walikuwa wameshatupa. Hilo jambo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu seva yenyewe ilikuwa nzuri sana.

Kwenye safari kutoka Kampala, toa diski zote, ziandike namba kwa mpangilio wa matundu yake, zifunge kila moja peke yake uzibebe mapajani. Mashine ya 2U ikijaa inaweza kufika kilo 30, kwa hiyo isipande boda hata hatua mbili.

*Fundi, sisi ni kliniki ndogo Entebbe. Tulinunua kabati zuri la ukutani lenye mlango wa kioo, 9U, likafungwa, tukaweka swichi na ruta. Sasa seva ya 2U imekuja haingii, inatoka nje mkono mzima. Fundi aliyelifunga anasema tukate nyuma ya kabati. Tukubali?*

Msikate. Hapo mmekutana na kitu ambacho hakuna muuzaji anayekitaja, kina. Kila mtu anauliza U ngapi, hakuna anayeuliza kabati lina kina gani kutoka mbele kwenda nyuma. Makabati ya ukutani yametengenezwa kwa swichi na ruta, mengi yana kina cha milimita 450 au 600. Seva kama R730 au DL380 ni karibu sentimita 70 chuma chenyewe, bado hujaweka waya za nyuma na nafasi ya mkono kuzichomeka. Inataka kabati la kusimama chini lenye kina cha milimita 1000, na msilazimike kununua lile refu la 42U, lipo la 18U, 22U, 27U, linatosha kabisa.

Hata kama ingeingia ningewaambia msitundike. Kilo 30 za seva na uzito wa kabati kwenye ukuta wa matofali, zinashikwa na skrubu nne, chini yake anapita mgonjwa. Hapana.

Na huo mlango wa kioo ni mzuri kwa swichi tu. Seva inavuta hewa kutoka mbele na kuitupa nyuma, kioo kinaiziba pua. Kabati la seva lina milango ya matundu mbele na nyuma. Liache mbali na ukuta, nyuma pawe na nafasi ya mtu kusimama na kufanya kazi, mashine nzito zikae chini kabisa kwenye kabati ili lisiangukie mtu siku mnaivuta seva kwenye reli, na zile nafasi tupu mbele muzizibe na vibao vyake, manake bila hivyo hewa ya moto ya nyuma inazunguka kuja mbele na seva inaivuta tena. Kama mna chaguo la kabati lenye matundu ya mraba chukueni hilo, reli nyingi za seva zinanasa hapo moja kwa moja bila skrubu.

Kwa kuwa mko Entebbe kuna jambo lenu la peke yenu, wale wadudu wa ziwa. Wanafuata taa usiku, wanaingia kwa mafungu, na feni ya seva inawavuta kama vumbi. Taa ya chumba hicho izimwe usiku, dirisha liwe na wavu wa matundu madogo, na kila mwezi fungua mlango wa kabati uangalie mbele ya seva kama pamejaa. Lile kabati dogo msilirudishe, liacheni na swichi yake ukutani, linafanya kazi yake.

*Mimi ni mhasibu wa SACCO huku Lira. Seva tumeshanunua, R730, iko kwenye boksi. Umeme wetu unakatika, unarudi na nguvu, jioni unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Mwenyekiti anataka tununue UPS ya laki chache tuwashe kesho. Naogopa hela za watu. Nifanye nini?*

Dada, hiyo hofu yako ni ya haki na usiiwashe kesho. Tangu mwisho wa Machi 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme umekwisha na shirika la UEDCL ndio wanasambaza, lakini jina lolote liandikwe kwenye nguzo, kazi ya kulinda kile kilicho ndani ya ukuta wako ni yako.

Anza na ethi, ule waya unaoshuka ardhini, kabla ya UPS, kabla ya kila kitu. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni apime ethi ya jengo kwa mita, asikuangalizie kwa macho. Majengo mengi ya kupangisha yana soketi za matundu matatu na tundu la tatu halijaunganishwa na chochote. Bila ethi, kifaa cha kuzuia radi hakina pa kuitupia hiyo radi. Atie pia kizuizi cha radi kwenye boksi kuu la breka. Na kama mna waya wa netiweki unaotoka jengo moja kwenda lingine, huo ndio mlango wa radi ambao watu wanausahau, inapiga jengo la pili inatembea kwenye shaba mpaka ndani ya seva. Kati ya majengo pitisha faiba, faiba ni kioo, haipitishi umeme, na inavuka zile mita 100 ambazo waya wa kawaida hauvuki.

Kisha UPS. Zile za bei ya chini zinatoa umeme wa wimbi la kuigiza, lisilo laini, na pawasaplai za seva baadhi zinalikataa, umeme unakatika UPS inaingia na seva inazima vile vile. Tafuta ya wimbi safi, mafundi wanaita pyua saini, na kwa umeme unaopanda na kushuka kama wenu ile ya aina ya onlaini ndiyo bora, manake inatengeneza umeme wake upya saa zote, pawasaplai iliyochomekwa humo haigusi kabisa huo wa nje. Ni ghali, lakini wewe umesema mwenyewe ni hela za watu. Soma wati sio VA, UPS ya 1500VA inaweza kuwa na wati 900 tu, ndogo kuliko namba kubwa iliyo kwenye boksi.

Seva yenu ikiwa na kazi za kawaida hesabu wati 200. UPS itaishika kwa dakika tu, sio masaa, na hiyo ndio kazi yake, kuvuka mpaka jenereta iwake au seva izime kwa heshima. Iunganishe na seva kwa waya wa USB na uweke programu ya NUT, ni ya bure, betri ikifika chini inaiambia seva ifunge mahesabu na kuzima yenyewe hata kama ni saa nane za usiku na hakuna mtu. Jaribu mchana ukiwa umesimama pale, chomoa UPS ukutani uone kama inazima kweli, usingoje usiku ndio ikufundishe.

Kama umeme wenu unakatika masaa mengi, basi fikirieni invata, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa ukutani, na betri kubwa. Betri mbili za volti 12, 200Ah kila moja, ni wati-saa 4,800, lakini za asidi usizinywe zaidi ya nusu, inabaki 2,400, gawanya kwa 200 ni masaa 12, toa kile invata inachokula mwenyewe unabaki na kama 10. Hiyo inavusha usiku mzima. Pawasaplai moja ya seva iende kwenye UPS, ya pili iende kwenye umeme wa ukutani kupitia kifaa cha kuzuia radi, kwa sababu UPS nayo ni mashine, inaweza kufa, na ikifa seva isife nayo.

Bili mwambie mwenyekiti mapema asije akashtuka. Wati 200 usiku na mchana ni uniti 4.8 kwa siku, uniti 144 kwa mwezi wa siku 30. Chukua bei ya uniti iliyo kwenye risiti yenu ya Yaka, ile mita ya kulipia kabla, uzidishe, kwa mfano ingekuwa shilingi 750 ni shilingi 108,000 kwa mwezi, bila feni wala eisi ya kupooza chumba.

Na joto. Hizo wati 200 zote zinageuka joto, ni kama umefungia balbu mbili za zamani za wati 100 ndani ya kabati zinawaka mwaka mzima. Hewa inayoingia mbele ya seva inatakiwa iwe nyuzi 18 mpaka 27. Januari na Februari huko kaskazini mchana unajua vile kunakuwa. Kwa seva moja, chumba chenye kivuli na feni ya ukutani inayotupa hewa ya moto nje inaweza kusaidia sana, lakini weka kipima joto mbele ya seva wiki nzima ya jua kali uandike, kikikaa juu ya 27 kila mchana, nunueni eisi. Hewa inapoingilia weka kichujio, ule udongo mwekundu wa kiangazi unaingia kila mahali.

*Nasoma IT Kampala, nimepanga chumba kimoja na dada yangu. Nataka seva ya 1U ya kujifunzia, nimeona ya bei nzuri. Nitaiweka chini ya kitanda. Sawa?*

Mdogo wangu, hapana. Chini ya kitanda hakuna hewa, kuna vumbi na vitambaa, na kelele ya 1U hamtalala nyote wawili, jirani naye atakuja kugonga. Nunua kompyuta ndogo ya ofisi ya mtumba, ongeza ramu ifike 32GB kama inakubali, weka programu ya Proxmox ambayo ni ya bure, tengeneza seva tano za bandia ndani yake uzivunje utakavyo. Utajifunza karibu yote. Kinachobaki, kama iDRAC na kadi za RAID, utakigusa kazini.

*Tuna biashara Mbarara, matawi matatu, wateja wengi, mfumo wa stoku na malipo. Ofisi yetu ni ya kupanga na mwenye nyumba anataka kuongeza kodi. Seva tuiweke ofisini au tuipeleke kwa watu wa data senta?*

Kwa matawi matatu na ofisi ambayo hamna hakika nayo, ningeipeleka. Namanve pale nje ya Kampala kuna data senta ya Raxio, ilifunguliwa 2021, na zipo nyingine pia. Mnakodi U chache, umeme, baridi na ulinzi vinakuwa kazi yao, na hapa sasa 1U ndio inapata maana yake manake mnalipia nafasi. Mkienda kuuliza bei ulizeni na wati mnazoruhusiwa, nani anaruhusiwa kuingia na saa ngapi, na diski ikifa ni nani anaibadilisha wakati nyinyi mko Mbarara. iDRAC iwe na leseni ya kuona skrini kutoka mbali, bila hiyo kila tatizo dogo ni safari ya masaa kwenda na kurudi. Msiifungue kwa intaneti yote, ipitie VPN, njia ya siri ya watu wenu tu.

Ila pimeni laini ya intaneti ya kila tawi kwanza. Intaneti ikikatika tawi lisisimame kuuza, mfumo uwe unaweza kuandika mauzo pale pale na kuyatuma baadaye. Kama mfumo wenu hauwezi hivyo, ulizeni aliyeutengeneza kabla hamjahamisha chochote.

Kama mtatumia Windows Server, hesabuni leseni kabla ya kuchagua prosesa. Inalipwa kwa koa, yaani vile vichwa vya kazi vilivyo ndani ya prosesa, angalau 16 kwa kila seva hata kama mnazo 8, na mkichukua prosesa mbili za koa 12 mnalipia 24. Nimeona watu wanafurahia prosesa kubwa ya bei rahisi alafu leseni inapita bei ya mashine yenyewe.

Na majina na namba za simu za wateja wenu ziko chini ya sheria ya ulinzi wa data binafsi ya 2019, seva ikae Mbarara au Namanve. Mnatakiwa kujiandikisha na ofisi ya kulinda data binafsi, na mkataba na data senta uandike nani anaweza kugusa diski zenu, na diski iliyokufa inakwenda wapi. Ombeni irudi kwenu, muivunje wenyewe.